Kompyuta Kuukuu Si Takataka

Imekuwa desturi katika shule nyingi za nchi yetu ya chai, Kericho na Bomet, kwamba kompyuta ikifikisha miaka kumi huhukumiwa. Hupelekwa ghalani, hufunikwa gunia, na juu yake hupangwa madawati yaliyovunjika. Ukiuliza kosa lake, waambiwa ni kuukuu; haiwezi kupokea programu za siku hizi. Basi walimu na wazazi hungoja mfadhili alete nyingine, na wanafunzi hungoja pamoja nao. Mimi nasema hukumu hiyo si ya haki.

Mashine haizeeki kama ng'ombe. Hesabu iliyoweza kuifanya siku ilipotolewa sandukuni yaweza kuifanya leo, kwa kasi ile ile. Kilichobadilika ni uzito wa programu tunazotaka kuitwika. Dawa yake ni kuitafutia mzigo wa kadiri yake, na mzigo huo upo: ni lugha ya kompyuta iitwayo Forth, iliyobuniwa na Mmarekani Charles Moore mwishoni mwa miaka ya 1960, na ambayo mapema katika miaka ya 1970 ilitumiwa kuendesha darubini ya redio ya Kitt Peak, Arizona.

Udogo wake ni wa ajabu. Mwaka 1982 Waingereza walitengeneza kompyuta iitwayo Jupiter Ace, ambayo lugha yake ilikuwa Forth. Mfumo mzima, pamoja na lugha yenyewe, ulienea katika kilobaiti 8, na kumbukumbu ya kufanyia kazi, ile ya skrini ikiwamo, ilikuwa kilobaiti 3. Picha moja uipigayo kwa simu haingii humo. Na kwa zile kompyuta za mfumo wa DOS zilizolala ghalani kwetu, iko Forth iitwayo F-PC, isiyolipiwa hata senti.

Siri ya udogo huo ni rundo. Tazama sahani katika bwalo la shule: iliyowekwa juu mwisho ndiyo ichukuliwayo kwanza. Forth huzipanga namba vivyo hivyo. Ukiandika

3 4 + .

namba 3 huwekwa, 4 huwekwa juu yake, alama ya kujumlisha huziondoa zote mbili na kuweka 7 mahali pao, kisha ile nukta huitoa 7 na kuionyesha kwenye skrini. Basi.

Tena Forth hukuruhusu kuipa kila kazi jina ulitakalo, la Kiswahili au la Kikipsigis, nayo haitanung'unika. Tuseme kilo moja ya majani mabichi hulipwa shilingi 20. Andika:

: MALIPO 20 * ;

Tangu hapo mashine imejifunza neno jipya. Andika

35 MALIPO .

nayo itajibu 700. Sasa jaribu kilo 1700. Katika Forth nyingi za kompyuta za zamani jibu halitakuwa 34000, bali -31536. Mkulima ameamka ana deni! Wapinzani wangu watacheka na kusema, "Je, hatukukwambia?" Mimi nalishangilia kosa hilo. Namba katika mashine hizo hutunzwa kwa biti 16, na kubwa kuliko zote iwezayo kuingia humo ni 32767. Ikizidi hapo, hupinduka ikaangukia upande wa hasi. Mwanafunzi aliyeliona jambo hili kwa macho yake hatapokea tena hati ya malipo ya babaye kwa kuwa tu imepigwa chapa na mashine. Atauliza imehesabiwaje.

Wako wasemao kwamba hakuna mwajiri atakayemwuliza kijana kama ajua Forth. Kweli, ni wachache. Lakini chombo Philae, kilichotua juu ya kometi mwaka 2014, kilibeba vichakataji vilivyoundwa kwa ajili ya Forth. Na karibu nasi zaidi, serikali ya Rwanda ilipoanza kuwagawia watoto wa shule za msingi kompyuta ndogo za XO, kuanzia mwaka 2008, programu ya kwanza kuamka mashine ilipowashwa ilikuwa imeandikwa kwa Forth. Watoto wangapi waliambiwa kwamba mapajani mwao mmelala lugha nzima? Tunapewa vyombo, hatupewi funguo. Na ajabu ni kwamba hatuziombi.

Mwezi wa Mei 2023 mashine za kuchumia chai zilichomwa moto Kericho, kwa hasira ya watu walioona zinawanyang'anya kazi. Sisemi Forth ingaliuzima moto ule, wala kwamba njaa ya mchumaji hutibiwa kwa lugha ya kompyuta. Nasema vijana wetu wamezoea kuziona mashine zikifika zimefungwa, hivi kwamba hawaoni la kuzifanyia ila kuzibonyeza au kuzichoma. Kuna njia ya tatu, nayo ni kuzifungua na kuziamuru. Njia hiyo haijifunzwi juu ya kompyuta mpya ambayo mwalimu aogopa isiguswe.

Kompyuta kuukuu haiogopwi. Ikiharibika, hakuna atakayelia. Yenye kuwaka na kibodi yenye herufi zote yawatosha wanafunzi wawili kwa muhula mzima. Ufunguo wa ghala hukaa kwa mwalimu mkuu. Mwombeni awafungulie Jumamosi.