Kikohozi cha wiki mbili kipimwe

Mwandishi wa makala moja niliyoisoma anashauri kwamba mafua yakikawia, mtu apite duka la dawa achukue amoksilini. Hapana! Mafua huletwa na virusi, na amoksilini haiui virusi hata ukiimeza mwezi mzima. Kweli, kikohozi cha mafua huweza kubaki hadi wiki 3 kisha kikaisha chenyewe. Lakini hapa Tanzania, kikifika wiki 2 unatakiwa kupeleka makohozi kituo cha afya yapimwe kifua kikuu. Kipimo ni bure, dawa pia. Muuzaji anayekukatia vidonge 6 kwa mkasi hajapima chochote. Tena akikupa antibiotiki ya siprofloksasini, huweza kukificha kifua kikuu kwa muda: mgonjwa anajiona ana nafuu huku akiwaambukiza wanawe. Ushauri huo wa makala uondolewe.