Kumwaga Chang'aa Si Sera

Nikiwa darasa la sita, makarao waliingia kwetu alfajiri, upande wa Keroka, mji ulio mpakani, Kisii huku na Nyamira kule. Walipindua pipa la kangara la mama mkubwa, wakamwaga chang'aa kwenye migomba, wakambeba pamoja na mtungi mmoja, eti ushahidi. Jioni alikuwa nyumbani. Mtungi haukurudi. Juma lililofuata alikuwa jikoni tena, kwa sababu karo ya binamu yangu ilikuwa haijaisha na sasa alikuwa na deni la kujitoa.

Ndiyo maana sibabaiki nikiona chifu akimwaga pombe mbele ya kamera.

Tuambiane ukweli. Sheria ya kupiga marufuku chang'aa ilitungwa 1980 na ikafutwa na Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ile tunayoiita sheria ya Mututho. Tangu hapo unaruhusiwa kuipika, mradi uwe na leseni na uifunge kwenye chupa kwa viwango. Katiba nayo imezipa kaunti kazi ya kutoa leseni za pombe. Sasa niambie: mama wa Nyamache au Ekerenyo, mwenye pipa moja na jiko la kuni, atatoa wapi kiwanda cha kufunga chupa? Kwake yeye marufuku haijaondoka.

"Lakini chang'aa inaua." Ndiyo, inaua. Muuaji mkubwa ni methanoli, na methanoli hupenya pale ambapo hakuna anayepima. Februari 2024, kule Kirinyaga, zaidi ya watu 10 walikufa baada ya kunywa pombe ambayo, kwa taarifa zilizotolewa wakati huo, ilitoka kwenye shehena iliyokuwa imekamatwa na kuwekwa kituo cha polisi. Soma hiyo sentensi tena. Jibu la serikali? Msako mwingine.

Sisemi pombe ni maji. Imewamaliza vijana wa rika langu, wengine niliketi nao dawati moja. Lakini mlevi akilala seli siku mbili anatoka na kiu ileile. Kule Malindi, tangu 2015, mraibu wa heroini anaweza kupewa methadoni kwenye kliniki ya umma. Ureno nayo, tangu 2001, anayepatikana na dawa kidogo za kujitumia hapelekwi jela, anaitwa mbele ya jopo linaloweza kumwelekeza kwenye matibabu. Kwa hiyo serikali yetu inajua kabisa kwamba uraibu ni ugonjwa. Inajua Malindi, ikifika Gusii inasahau.

Ninachodai kwa kaunti za Kisii na Nyamira hakihitaji muujiza. Wapeni akina mama leseni nafuu kwa vikundi, kama chama chochote. Wekeni mahali pa kupima kila pipa kabla halijauzwa. Pesa za leseni zitibu waraibu, zisipotelee kwenye magari ya wakubwa.

Na msiniambie wapishi hawatalipa. Mama mkubwa alisomesha watoto watatu kwa lile pipa, na kila mwezi alikuwa akilipa. Ni risiti tu hakuwahi kupewa.