Safari ya Familia: Tuipange, Tusikurupuke

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Wahenga walisema tembea uone. Hawakusema tembea ufe. Lakini ukizitazama safari nyingi za familia hapa kwetu Kericho na Bomet, utadhani maneno hayo mawili ni mamoja. Gari linatafutwa jioni, nauli inakopwa kwa jirani, watoto wanaamshwa saa nane za usiku, na dereva hakuna anayejua alilala lini. Kisha watu wote wanainamisha vichwa na kuomba wafike salama. Maombi ni mazuri sana, nami siyapingi. Ninachopinga ni kuomba badala ya kupanga.

Maoni yangu ni haya: kila familia katika nchi hii ya majani chai inaweza kufanya safari moja nzuri kwa mwaka, tena kwa gari, tena milimani. Kinachotukosesha safari hiyo si umaskini peke yake. Hatukai chini tukaipanga, na tukiipanga, anayepanga ni mtu mmoja tu, naye huwa amechelewa.

Katika Jiografia tunasoma juu ya Milima ya Alps, ile iliyopita Ufaransa, Uswizi, Italia na Austria. Mlima wake mrefu, Mont Blanc, una zaidi ya mita 4,800. Kila kiangazi familia nyingi za Ulaya hupakia mizigo garini na kwenda kuizunguka milima hiyo. Barabara ya Stelvio huko Italia hupanda mpaka mita 2,757, na upande wake mmoja una kona 48 za kujikunja kama nyoka. Wakati wa theluji barabara hiyo hufungwa. Kwa hiyo mtu hawezi kuamka tu na kusema, "Haya, twende!" Lazima atazame kalenda, alikague gari lake na ajue atalala wapi. Wenzangu darasani wakisikia habari hizi husema ati ni starehe za Wazungu. Mimi naziona kuwa ni somo la kupanga.

Je, sisi hatuna milima? Mau tunayoitazama kila asubuhi ikiwa imejifunika ukungu ni nini? Mau hufikia kama mita 3,000 katika sehemu zake za juu. Huko Timboroa, si mbali na Mau Summit, reli hupita kwenye kimo cha zaidi ya mita 2,700, karibu sawa na Stelvio yenyewe! Tena Mau inazungukika kwa barabara. Ukitoka Kericho unapita Litein, Kapkatet na Kaplong mpaka Bomet. Kutoka Bomet unashika Longisa na Mulot hadi Narok, halafu unateremka kupitia Suswa mpaka Mai Mahiu. Hapo unageuka kuelekea Naivasha, Gilgil na Nakuru, kisha unapanda Salgaa, Sachang'wan na Mau Summit, unapita Londiani na kurudi Kericho. Ni kama kilomita 460 hivi. Umeuzunguka mlima mzima bila kurudia barabara uliyoijia.

"Sasa huko kuna nini cha kuona?" Hilo ndilo swali la wazee wengi. Naam, tunu zipo. Kwanza utaona maji yetu yanakokwenda. Mau ndiyo msitu mkubwa kuliko chemchemi nyingine kuu za Kenya, yaani Mlima Kenya, Aberdare, Cherangani na Elgon. Mto Nyangores unaopita Bomet huungana na Amala kuwa Mto Mara. Mto Njoro huenda Ziwa Nakuru. Ewaso Ng'iro ya kusini huteremka mpaka Ziwa Natron kule mpakani mwa Tanzania. Mtoto anayeona Narok ilivyo kavu, akakumbuka matope ya kwao, hahitaji kuhubiriwa sana juu ya kukata miti ovyo.

Isitoshe, utauona Mlima Suswa na Mlima Longonot, na ukuta wa Bonde la Ufa umesimama kama nyumba ya Mungu. Ukipanda kidogo juu ya Mai Mahiu, jina lenye maana ya maji ya moto, utakuta kanisa dogo sana kando ya barabara. Lilijengwa mwaka 1942 na mateka wa vita wa Kiitaliano, waliokuwa wakijenga barabara ya mteremko ule. Yaani watu wa nchi ya Alps walikuja kuchonga barabara ya mlima huku kwetu! Ukipita Elementaita, ziwa lililotiwa pamoja na Nakuru na Bogoria katika Urithi wa Dunia mwaka 2011, si ajabu ukawaona punda milia wakila nyasi karibu na barabara bila wewe kulipa kiingilio.

Basi uzuri upo. Sasa nije kwenye mpango wenyewe.

Jambo la kwanza ni wakati. Sisi wanafunzi tuna likizo tatu: Aprili, Agosti na Desemba. Aprili ni mvua ya masika. Mwezi Machi mwaka 2018 ardhi ilipasuka karibu na Suswa na kuikata barabara ya Narok baada ya mvua kubwa. Usiku wa kuamkia Aprili 29, 2024, mafuriko ya Mai Mahiu yaliua watu wengi wakiwa wamelala nyumbani mwao. Desemba nayo, kila mtu yuko barabarani, nauli imepanda na madereva wanakimbizana. Mimi nachagua Agosti. Ni kweli huku kwetu Agosti ni baridi na mvua haituachi, lakini ukishavuka Narok mvua huwa imepungua na barabara hazina msongamano wa Krismasi. Watu wa Stelvio hupangiwa msimu na theluji. Sisi tupangiwe na mvua, na pia na chai. Majani hayangojei mtu. Ukiruka zamu moja ya kuchuma yanakomaa, na kiwandani hayatakiwi. Kwa hivyo siku ya kuondoka iwe mara tu baada ya kuchuma, na jirani aombwe mapema kukamua ng'ombe. Naye akisafiri, wewe utamkamulia wake.

Jambo la pili ni saa, na hapa nitasema kwa ukali kidogo. Baba zetu wanapenda usiku. Wanasema hakuna jua, hakuna magari mengi, na mtu akifika asubuhi siku haijapotea. Hebu tuangalie yaliyotokea. Alfajiri ya Desemba 31, 2017, basi na lori viligongana Migaa, karibu na Salgaa, wakafa watu 36. Oktoba 10, 2018, basi lililosafiri usiku kutoka Nairobi lilianguka Fort Ternan, hapa hapa Kericho, wakafa zaidi ya watu 50. Zote mbili zilitokea kabla ya jua kuchomoza. Sisemi kwamba mchana hakuna ajali. Nasema ya kwamba usiku, pamoja na ukungu wa Mau na dereva mwenye usingizi, ni kuongeza chumvi kwenye kidonda.

Kwa sababu hiyo napendekeza siku mbili. Siku ya kwanza familia iondoke Kericho kukipambazuka, ipitie Bomet na Narok, ilale Naivasha. Siku ya pili iondoke mapema, ipumzike Nakuru, halafu ipande Salgaa na Sachang'wan kabla ya saa nane za mchana. Kwa nini? Kwa sababu kipande hicho ndicho kigumu kuliko vyote. Sisi tutakuwa tunapanda, lakini malori yenye mizigo mizito yatakuwa yanateremka upande wetu, na mengine breki zimeshika moto. Dereva awe amelala vizuri na macho yake yawe yanaona mbali. Pia, kila mkaaji wa Kericho anajua kwamba mvua yetu na ile ya mawe hupenda kunyesha alasiri. Tukipita mapema tutakuwa nyumbani kabla ya ukungu na giza kukutana.

Hata pa kusimama papangwe. Jioni ya Juni 30, 2023, lori lilipoteza mwelekeo katika njia panda ya Londiani, likawakumba wachuuzi na abiria waliokuwa kando ya barabara. Zaidi ya watu 50 walikufa. Wengi wao hawakuwa wakisafiri kwa kasi. Walikuwa wamesimama tu, wakiuza na kununua. Na kule Sachang'wan, Januari 31, 2009, zaidi ya watu 100 waliteketea kwa moto wa lori la mafuta lililopinduka, wengi wao wakiwa wamekwenda kuchota petroli. Kwa hivyo, dereva asisimame popote anapoona viazi au karoti. Asimame kwenye kituo cha mafuta au uwanja ulio mbali na lami. Na mkikuta lori la mafuta limeanguka, msishuke, hata kutazama.

Jambo la tatu ni gari na dereva. Wengi wetu hatuna gari, tutakodi matatu. Tangu sheria za Waziri John Michuki zianze kutekelezwa Februari 2004, matatu lazima iwe na mikanda na kidhibiti mwendo. Sheria zipo, lakini sisi abiria ndio wa kwanza kusema, "Songeni kidogo, huyu ni mtoto tu." Anayekodi gari ana nguvu kuliko anayelisimamisha stejini. Alione gari mchana, avute kila mkanda, atazame magurudumu, na amwulize dereva maswali mawili: Umewahi kuteremka barabara hii? Unateremka kwa gia gani? Dereva wa milimani hushuka kwa gia ndogo ili breki zisichoke. Anayesema huachia gari lijiendee ili kuokoa mafuta, mshukuru na utafute mwingine.

Jambo la nne ni pesa. Najua msomaji ananiambia, "Wee, bonasi yenyewe iko wapi?" Ni kweli. Mwaka 2025 bonasi ilipotangazwa kuwa imeshuka, manung'uniko yalijaa kila kituo cha kununulia majani Kericho na Bomet. Lakini hata bonasi ikiwa nzuri huja karibu na Oktoba, na kabla ya Januari imekwisha, karo bado iko mlangoni. Safari ya Agosti haiwezi kungojea bonasi. Iwekewe kidogo kidogo kutoka malipo ya kila mwezi, na familia mbili au tatu ziungane kukodi gari moja. Hesabu yenyewe si ngumu. Gari likienda kilomita 9 kwa lita moja, kilomita 460 zitakula kama lita 51. Zidisha kwa bei ya mafuta ya siku hiyo, ongeza malipo ya gari na dereva, gawanya kwa vichwa. Chakula kitoke nyumbani: chapati, mayai ya kuchemsha, mahindi, mursik, na chai yetu katika thamosi. Kulala, wengi tuna shangazi au mjomba Naivasha au Nakuru. Aambiwe mwezi mmoja mbele, asigongewe mlango usiku.

Jambo la mwisho, na kwangu ndilo kubwa, ni nani anakaa kwenye meza ya kupanga. Nyumbani kwetu tulianza kupanga Jumapili moja baada ya chakula cha mchana. Baba alisema tuondoke saa tatu usiku. Mama akauliza juu ya ukungu. Mimi nilikuwa na ramani ya shule na daftari. Ndipo nyanya, tunayemwita kogo, aliyekuwa kimya muda wote, akauliza, "Na mimi nitajisaidia wapi?" Ndugu yangu mdogo alicheka. Baba hakucheka. Aliichukua ramani, akaanza kuhesabu vituo vya mafuta, mmoja baada ya mwingine, na kila saa mbili ikapata mahali pake pa kusimama. Usiku haukutajwa tena, maana usiku vituo vingi vimefungwa. Swali la kogo lilifanya kazi ambayo ramani yangu haikuweza kuifanya.

Hii ndiyo sababu nasema safari isipangwe na mwenye pesa peke yake. Baba anajua gharama. Mama anajua nani hutapika kwenye kona na nani ana kifua cha baridi, maana utaondoka Kericho na sweta mbili na kufika Mai Mahiu ukitafuta kivuli. Nyanya anajua mwili wake. Sisi watoto tunajua kusoma ramani, na tunaweza kumwambia dereva "punguza mwendo" bila haya, mradi wazazi wametuambia mapema kwamba tuna ruhusa. Katika matatu nyingi mtoto akisema hivyo anaambiwa hana adabu. Heri kukosa adabu kuliko kukosa uhai.

Mwenzangu, likizo iko karibu. Usiku wa leo toa karatasi moja katikati ya daftari lako la zamani. Andika: lini, saa ngapi, gari gani, shilingi ngapi, tutasimama wapi. Ipeleke mezani wakati wote wapo, wala usianze kwa baba. Anza kwa yule aliye mzee kuliko wote, umsikilize mpaka amalize.