Yubile ya Lamu, mji uliojitawala kwa baraza

Desemba ya mwaka huu wa 2026, Mji Mkongwe wa Lamu, katika pwani ya Kenya, unatimiza miaka 25 tangu UNESCO iuandike katika orodha ya Urithi wa Dunia. Sisi wa Kasongo na Kabambare, huku Maniema, mashariki mwa Kongo, tunakaa mbali na bahari, lakini yubile hii inatuhusu. Lugha tunayoiandikia tahariri hii ilifika huku na misafara ya pwani. Kanzu, mpunga, maulidi na sala ya Ijumaa vilifuata njia hiyohiyo: Tabora, Ujiji, kuvuka Ziwa Tanganyika, kisha Kabambare hadi Kasongo. Pwani ikisherehekea, na kwetu kuna sherehe.

Mgeni akifika Lamu husifu milango ya nakshi, nyumba za mawe ya matumbawe zilizoezekwa kwa boriti za mikoko, na vichochoro vyembamba vya punda na watu. Anasifu kwa haki. Sisi leo tunapenda kusifu kitu kisichoonekana kwa macho, nacho ni namna mji ule ulivyojitawala. Katika neema yake, tangu mwisho wa karne ya 17 hadi mwanzo wa karne ya 19, Lamu haikuwa na sultani wake. Jirani yake Pate alikuwa naye. Mambo ya Lamu yaliamuliwa na baraza la wazee lililojulikana kwa jina la Yumbe. Mji ulikuwa na pande mbili, Zena na Suudi, na uongozi ulikwenda kwa zamu kati ya pande hizo.

Utaratibu huo uliwafaa watu wa biashara. Nahodha wa Arabuni au wa Bara Hindi akionewa bandarini, msimu ujao atatia nanga kwingine, na mji utabaki na maghala matupu. Kwa hiyo matajiri wa Lamu walikuwa na sababu ya kumzuia yeyote asijifanye mwenye mji peke yake. Aliyekuwa na madaraka leo alijua kwamba zamu ya mwenzake inakuja, naye atahitaji kutendewa kama alivyotenda.

Watu wa mbali waliwahi kufikia jambo linalokaribiana na hilo. Genova, jamhuri ya wanabahari huko Italia, iliraruliwa kwa muda mrefu na ugomvi wa koo zake kubwa. Mwaka 1528, chini ya Andrea Doria, ilijipa sheria mpya: mkuu wa jamhuri, aliyeitwa doge, atashika kazi miaka miwili tu, kisha achaguliwe mwingine. Jamhuri hiyo ilidumu hadi mwaka 1797, ilipoangushwa kwa nguvu za Bonaparte. Leo majumba ya matajiri wake nayo yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia, tangu mwaka 2006.

Heshima ya kweli haifichi kasoro. Katika baraza la Lamu waliketi wakubwa wa koo. Watumwa waliolima mashamba ya ng'ambo, upande wa bara, hawakuwa na neno humo. Genova nayo ilikuwa na watumwa wake. Sisi ambao babu zetu waliona watu wa Maniema wakipelekwa pwani pamoja na pembe za ndovu hatuwezi kulipita jambo hilo kimya. Tena baraza lenyewe liliingiwa na hofu. Mnamo mwaka 1812 jeshi la Pate na Wamazrui wa Mombasa lilishuka Shela, kisiwani Lamu, nalo likashindwa vibaya. Lamu, ikihofia kisasi, ikaomba ulinzi wa Seyyid Said wa Oman. Akaleta liwali, ngome ikamalizika mwaka 1821, na amri ya mji ikahamia kidogo kidogo Unguja.

Hata hivyo, kwa kulinganisha, tuitazame historia yetu, ambako hapakuwa na zamu. Hamed bin Muhammed, ndiye Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, alifika Kasongo karibu na mwaka 1875 akaifanya makao ya dola yake. Mji ulikuwa na mashamba makubwa na biashara iliyofika Unguja, lakini ulisimama juu ya bunduki na juu ya jina la mtu mmoja. Yeye aliporudi pwani, wanawe na washirika wake walibaki na silaha bila mapatano ya kuwaunganisha wote. Tarehe 22 Aprili 1893 jeshi la Dhanis, afisa wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji, liliingia Kasongo. Leo pale Tongoni, mahali pa mji wa kale, mabaki ni machache.

Lamu bado ina watu, na watu hao bado wanasema. Ngome yake, iliyokuwa gereza hadi mwaka 1984, sasa iko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Ulipokuja mpango wa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, wenyeji walikwenda mbele ya mahakama ya mazingira. Tarehe 26 Juni 2019 mahakama hiyo ilifuta kibali cha mtambo, mojawapo ya sababu ikiwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Wajukuu wa watu wa Yumbe walidai kusikilizwa, wakasikilizwa.

Penye wazee haliharibiki neno, lakini wazee peke yao hawatoshi tena. Tunawaomba viongozi wa Kasongo na Kabambare wafanye mambo mawili kwa heshima ya yubile hii. Kwanza, Tongoni ipewe ulinzi, na masimulizi ya wazee yaandikwe kabla hawajatutoka, pamoja na masimulizi ya wazao wa waliofanywa watumwa. Pili, kila baraza la sekta liwape viti wanawake, vijana na waliohamia kwa sababu ya vita, na uongozi wake uende kwa zamu inayojulikana na kila mtu.

Hongera, Lamu, kwa miaka 25. Mji unaotaka kudumu na ujifunze kwako kupokezana madaraka, na uongeze viti ulivyosahau kuviweka.