Mafia: Ufukwe usichaguliwe kwa weupe wa mchanga

Mfanyabiashara aendaye Mafia kutafuta kiwanja cha nyumba ya wageni na mtalii aendaye kupumzika mara nyingi hufanya kosa moja. Wote wawili huchagua ufukwe kwa macho. Mchanga ukiwa mweupe na minazi imeinama vizuri, mmoja hutoa arbuni na mwingine hulipia chumba. Baadaye upepo hugeuka, maji hupwa, na hesabu hukataa.

Kisiwani humo ufukwe una mambo matatu ya kupima kwanza: majira, maji na umbali kutoka Kilindoni. Weupe wa mchanga ni jambo la nne.

Chukua Utende, kilometa zipatazo 15 kutoka Kilindoni, ukingoni mwa Ghuba ya Chole. Soko lake ni wapiga mbizi wanaofuata matumbawe. Visiwa vya Chole na Juani huikinga ghuba hiyo, hivyo hata kusi ikivuma bado kuna mahali pa kuzamia. Lakini wakati wa bamvua tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hupita meta 3, na mgeni aliyeahidiwa kuogelea mbele ya chumba chake huweza kukuta tope na mikoko.

Aidha, Utende imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, yenye kilometa za mraba 822, iliyoanzishwa mwaka 1995 chini ya Sheria Na. 29 ya mwaka 1994. Hiyo ilikuwa ya kwanza ya aina yake nchini Tanzania. Mgeni hutozwa ada ya kuingia hifadhini, na mjenzi hubanwa na masharti yake. Ukiongeza boti, mitungi ya hewa na walimu wa mbizi, ni wazi kuwa huo si mtaji wa mtu mdogo.

Kaskazini kabisa kuna Bweni, karibu na mnara wa taa wa Ras Mkumbi. Kwa mchanga, wengi huupa ufukwe wa huko nafasi ya kwanza. Kwa gharama, hali ni nyingine. Ni zaidi ya kilometa 40 kutoka Kilindoni. Saruji, kreti za soda na dizeli hushuka Kilindoni kwanza, kisha hulipiwa gari tena. Mwenye vyumba vinne hawezi kubeba gharama hiyo na bado akapata faida.

Inabaki Kilindoni yenyewe, upande wa magharibi, ambayo wengi huidharau. Wanasema ufukwe wake una mashua za wavuvi, harufu ya samaki na kelele za bandari. Ni kweli. Lakini hapo ndipo ulipo uwanja wa ndege, hapo ndipo wanaposhuka abiria kutoka Nyamisati, na maji ya mbele yake ndiyo yanayotembelewa na papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani. Msimu wa kumwona huanza Oktoba na kuendelea hadi Februari au zaidi kidogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa potwe hawa hawahami msimu ukiisha. Husogea mbali na ufukwe na kwenda kwenye kina kirefu zaidi. Kwa mfanyabiashara, maana yake ni moja: bidhaa ipo, ila haionekani dukani.

Ndiyo maana hesabu ya Kilindoni isisimame juu ya potwe peke yake. Mtumishi wa Serikali aliye safarini, mnunuzi wa samaki, mfanyabiashara wa nazi na abiria anayesubiri chombo hulala huko mwaka mzima. Masika, wakati hoteli kadhaa za watalii hufunga milango, chumba safi chenye bei ya kawaida bado kina mteja. Wateja wa aina mbili chini ya paa moja ndiyo bima ya mtaji mdogo.

Ifahamike pia kuwa popote mtu atakapochagua, sheria hutangulia tofali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka baharini. Kiwanja kinachouzwa kwa sifa ya "mlango unafungukia majini" ni kiwanja cha kutiliwa shaka. Na ardhi ya kijiji hugawiwa na Halmashauri ya Kijiji kwa idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1999. Saini ya mzee mmoja chini ya mnazi haitoshi.

Mtalii naye aanze na kalenda. Anayetaka potwe aende Kilindoni wakati wa kaskazi. Anayetaka matumbawe aende Utende, na aulize ratiba ya maji kabla ya kulipa. Anayetaka kuona kasa wakitotolewa avuke kwenda Juani kati ya Juni na Septemba. Anayetaka utulivu tu aende Bweni, na akubali kulipia umbali. Mwekezaji mdogo anayejua mgeni yupi huja mwezi gani hatasumbuka kujua ajenge wapi.