Kopo la Lugha Lisiachwe Tupu

Najua wengi mtashangaa kuona mtu akiandika juu ya kompyuta katika jarida la Chama cha Kiswahili. Si kuna klabu ya mambo hayo? Ngojeni kidogo. Hoja yangu ni ya lugha.

Sisi wa Kitui na Makueni twaijua mito yetu. Karibu mwaka mzima ni mchanga mtupu: watu huchimba maji, punda hupita, watoto hucheza mpira. Kisha mvua inanyesha kwenye vilima vya mbali, huku kwetu jua linawaka, na ghafla mto unashuka umebeba magogo. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilizama katika mto Enziu, Mwingi, na watu zaidi ya 30 wakafa maji. Sisemi kwamba ujumbe wa simu ungewaokoa. Siku ile maji yalionekana kwa macho. Ila tangu hapo, nikisikia onyo la mvua hunyamaza nikalisikiliza mpaka mwisho.

Siku hizi maonyo hayo huandikwa kwa utaratibu uitwao CAP, ambao umejengwa juu ya XML. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya ni miongoni mwa zinazoutumia. XML nayo, iliyotangazwa rasmi mwaka 1998, si jambo la kutisha. Nyanya yangu kule Makueni ana makopo ya mbegu: hili la ndengu, lile la mbaazi, lile la kunde, na kila kopo lina kikaratasi chenye jina. Hata mgeni akitumwa atachota bila kuchanganya. XML ni hivyo hivyo. Katika onyo kuna kopo la tukio, la mahali, la ukali, la uhakika, na la maagizo ya kufuata. Kwa kuwa kila kopo lina jina, ujumbe mmoja waweza kusomwa na kompyuta ya redio, tovuti na simu bila mtu kuuchapa upya.

Sasa sikilizeni. Limo pia kopo la lugha. Onyo moja laweza kubeba maelezo mara mbili au tatu, kila mara kwa lugha yake: Kiingereza, Kiswahili ambacho alama yake ni sw, hata Kikamba ambacho alama yake ni kam. Nafasi ipo! Lakini mwandishi akiliacha kopo hilo tupu, kanuni ya CAP yasema kompyuta ihesabu kwamba lugha ni Kiingereza cha Marekani. Si cha Uingereza hata. Niliposoma hayo nilicheka, kisha nikaacha kucheka.

Niliacha kwa sababu ya mjomba. Likizo moja ya Desemba jirani alimtumia onyo la mafuriko kwa simu, Kiingereza kitupu, nami nikaombwa nitafsiri. Kwenye mstari wa uhakika paliandikwa "Likely". Nikakwama, halafu nikasema, "Huenda."

"Huenda ni ndiyo ama ni la?" mjomba akauliza. "Ng'ombe nivushe au nisivushe?"

Baadaye nilijifunza kwamba katika CAP neno hilo lina kipimo: uwezekano unaozidi asilimia 50 hivi. Uwezekano ulio chini ya hapo una neno lake lingine, "Possible". Mimi nilimpa mjomba lile dogo badala ya lile kubwa. Akavusha. Ng'ombe walirudi salama, lakini hiyo ilikuwa bahati ya mjomba, si Kiswahili changu.

Wengine watasema redio za Kikamba kama Musyi FM zipo. Ni kweli, na zinasikizwa sana. Lakini mtangazaji yeyote akipewa onyo la Kiingereza atalitafsiri mbio mbio, kama mimi. Huyu atasema "huenda", yule "yaelekea", na watu wa ng'ambo mbili za mto Athi, Kitui huku na Makueni kule, watasikia maonyo mawili ya mvua moja. Na wale wanaosema mashine itatafsiri yenyewe, nawauliza: nani ataikagua?

Maoni yangu ni kwamba maneno ya vipimo vya CAP yatafsiriwe mara moja, yakubaliwe, yasibadilishwe kila msimu. Uharaka, ukali na uhakika, kila kimoja kina maneno matano. Jumla 15 tu! Mbona chama chetu kisianze? Mijadala ya Ijumaa tumeshajadili kama mwalimu ni bora kuliko daktari mpaka tumechoka. Tukimaliza, tumpelekee mkurugenzi wa hali ya hewa wa kaunti, wanaojua Kikamba sanifu wafanye chao, kopo la lugha lijazwe.

Mimi nimeanza. "Likely" nimeiita "yaelekea sana", na "Possible" ndiyo "huenda". Nyanya amekubali yote mawili. Kwa ukali wa juu kabisa nilimsomea "makali ya kupita kiasi", akasema nikimaliza kutamka mto utakuwa umeshapita. Kwa hiyo hilo bado sina. Mwenye neno fupi amwone mhariri.