"Bure" na "Bila Mwenyewe": Kuhusu Jina la Mchongaji wa Newala

Neno bure lina maana mbili zinazokaribiana mno katika Kiswahili: kisicholipiwa, na kisicho na faida. Matumizi ya siku hizi yanaelekea kuliongezea maana ya tatu, yaani kisicho na mwenyewe. Makala haya yanaipinga maana hiyo.

Mwaka 1906 mtaalamu wa Kijerumani, Karl Weule, alikaa Newala akinasa nyimbo kwa fonografu na kukusanya vitu vya Wamakonde na jirani zao. Katika safari hiyo aliwapa watu karatasi na penseli wachore. Kitabu alichokitoa Leipzig mwaka 1908 kinawataja baadhi ya wachoraji hao, miongoni mwao Pesa Mbili, mmoja wa wapagazi wake. Hatumsifu Weule, alikuwa mtu wa dola lake, na vidonda vya Maji Maji vilikuwa bado vibichi. Lakini tazama ajabu hii: aliyeshika penseli alipata jina, ilhali aliyeshika tezo na patasi, kwa desturi ya makumbusho mengi hadi leo, ameitwa "Mmakonde" basi. Sarufi yetu haina lawama hapa. Kiswahili husema kinyago kimechongwa na fulani. Ni mwandika kibao anayekomea kwenye kitenzi.

Wapo watakaojibu kwamba sanaa ya jadi ni mali ya jamii. Ni kweli kuhusu lipiko kama aina ya kinyago. Si kweli kuhusu lipiko hili, lililotoka katika mkono huu. Mtindo wa shetani huhusishwa na Samaki Likankoa, na ule wa ujamaa na Roberto Yakobo Sangwani. Mitindo yote miwili iliigwa na wachongaji wengi, wala kuigwa huko hakukufuta majina ya hao wawili.

Hali ni hiyohiyo kwa miundo ya tovuti inayogawiwa bila malipo. Leseni za Creative Commons, zilizoanza kutolewa mwaka 2002, huruhusu kazi inakiliwe, na kwa kawaida hudai jambo moja dogo: mtunzi atajwe. Kijana anayechukua muundo wa bure na kulifuta jina lililo chini ya ukurasa hajaokoa senti hata moja. Amechukua malipo pekee yaliyoombwa. Na anayepamba tovuti yake kwa picha ya kinyago, akaandika "sanaa ya Kiafrika", amefanya vibaya zaidi, kwani mchongaji hakuulizwa hata sharti lake.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda sanaa za jadi na kutaka chanzo chake kitajwe. Ni hatua njema, ila kutaja Newala si kumtaja mtu wa Newala, na mtunzi anayejulikana ana haki yake mwenyewe ya kutambuliwa.

Sisi wa vyuo tuna sehemu yetu. Tunachapisha ngano, vitendawili na picha kutoka nyanda za Makonde, tukiandika "data ya uwandani". Tunapendekeza jarida hili lisipokee matini au picha ya namna hiyo bila jina la msimulizi au mchongaji, isipokuwa pale ambapo mwenyewe ameomba asitajwe. Na ombi hilo nalo liandikwe.